Barafu ya Upenuni: Maswali Tunayoulizwa Kila Majira ya Baridi Minnesota

Kila Januari simu zinaanza kuingia, na nyingi zinafanana: "Fundi, maji yanashuka kwenye fremu ya dirisha na nje hakuna tone la mvua. Yanatoka wapi?" Kazi yangu ni kuziba dari za nyumba hapa Minneapolis na miji ya jirani, na kwa kuwa nazungumza Kiswahili, wengi wanaonipigia ni wenzetu: Wakenya wa Brooklyn Park, Watanzania, Wakongo, Warundi, watu walionunua nyumba ya kwanza baada ya miaka mingi ya zamu za usiku. Inaniuma kumkuta mtu ametoa akiba yake yote, halafu dari inaloa mwaka wa kwanza tu. Haya ndiyo maswali yanayojirudia kuhusu barafu inayojengeka upenuni, yaani ukingoni mwa paa, na maji inayoyaingiza ndani. Nimetanguliza la dharura, kwa sababu anayesoma ukurasa huu saa nane za usiku huenda ndoo tayari iko sakafuni.

Maji yanadondoka ndani sasa hivi. Nifanye nini?

Anza na umeme. Kama maji yanapita karibu na taa au soketi, nenda kwenye sanduku la umeme, ambalo nyumba nyingi za hapa huwa besimenti, uzime swichi ya chumba hicho. Kisha tazama dari. Ikiwa jipsamu, yaani bodi ya dari, imefura kama tumbo, maji yamejikusanya juu yake na inaweza kuanguka yote kwa mara moja. Weka ndoo kubwa chini, toboa tundu dogo kwa bisibisi pale palipofura zaidi, maji yatoke taratibu. Tundu la bisibisi linazibika kwa dakika chache. Dari iliyoanguka juu ya kitanda cha mtoto ni habari nyingine.

Kama kuna njia salama ya kupanda darini, yaani kwenye nafasi iliyo kati ya dari ya vyumba na paa, panda na feni ya kawaida. Kanyaga mbao tu, usikanyage jipsamu, mguu utatokea sebuleni. Elekeza feni pale maji yanapopenya. Darini pakiwa na baridi ya kutosha, upepo ule hugandisha maji na mvujo husimama kwa muda. Hiyo si tiba, ila itakupa usiku wa kulala.

Piga picha na video za kila kitu: dari, kuta, zulia, barafu iliyo nje. Piga kabla hujafuta maji. Utazihitaji kwa bima au kwa mwenye nyumba.

Na usipande juu ya paa. Si usiku huu, si kesho asubuhi.

Lakini nje ni nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri. Maji yanatoka wapi?

Yanatoka kwenye theluji iliyo juu ya paa lako, na kilichoiyeyusha ni joto unalolilipia kwenye bili ya gesi.

Hewa ya moto ya ndani hupanda. Ikipata mwanya, inaingia darini na kupasha mbao za paa kwa chini. Theluji yenyewe ni blanketi: ikiwa nene, inakinga paa na baridi ya nje, hivyo sehemu ya chini kabisa inayogusa vigae inaweza kufika sifuri na kuanza kuyeyuka huku juu yake kukiwa na baridi ya kukata masikio. Maji hayo hutiririka chini ya theluji bila mtu kuyaona, mpaka yafike upenuni. Upenu umetokeza nje ya ukuta, hauna chumba chenye joto chini yake, kwa hiyo ni baridi kama hewa ya nje. Maji yanaganda hapo. Kesho yanakuja mengine, yanaganda juu ya yale ya jana, na baada ya siku kadhaa umejengewa ukuta wa barafu ukingoni mwa paa.

Nyuma ya ukuta huo maji hujaa kama bwawa. Vigae vya lami vimepangwa kama manyoya ya kuku: maji yakishuka yanateleza yakaenda zake, lakini yakirudi nyuma kwenda juu yanaingia chini ya kila unyoya. Kutoka hapo yanafuata misumari, mbao, ukuta, na mwisho fremu ya dirisha lako.

Kwa hiyo yanahitajika mambo matatu: theluji, joto linalovuja na baridi. Theluji na baridi huna mamlaka nayo. Msimu wa 2022 hadi 2023 Minneapolis ilipata inchi 90.3 za theluji, karibu sentimita 229, na upenu wa mitaa mizima ulijaa barafu. Walio na ndugu Boston watakumbuka Februari 2015, mji ule uliposhukiwa na sentimita zaidi ya 160 ndani ya mwezi mmoja, na mapaa yakavuja kila kona. Joto linalovuja ndilo peke yake lililo mikononi mwako.

Ile mikuki ya barafu inayoning'inia ni mapambo au ni dalili?

Midogo, iliyojipanga kwenye gata baada ya siku ya jua, ni ya kawaida. Minene kama mkono inayorudi kila wiki mahali palepale inakuambia kuna joto linatoka juu ya sehemu hiyo. Na ukiona barafu inatokea ndani ya mbao za upenu, au imeshuka ukutani nyuma ya gata, maji yameshaingia mahali yasipotakiwa. Hapo tafuta msaada siku hiyohiyo. Watoto wasicheze chini yake. Mkuki mmoja ukikatika unaweza kuua.

Nikiondoa gata, tatizo litaisha?

Hapana. Gata hushika barafu, haiizalishi. Nimeona nyumba nyingi zisizo na gata zenye barafu ya kutisha.

Kwa nini nyumba ya jirani haina barafu, na tulipata theluji ileile?

Asubuhi baada ya theluji kuanguka usiku, vaa buti, vuka barabara, ulitazame paa lako kutoka ng'ambo. Paa lenye dari iliyozibwa vizuri hubaki na theluji sawasawa kutoka juu mpaka chini, nyeupe tupu. Paa linalovuja joto hujichora lenyewe. Duara tupu kuzunguka dohani, doa juu ya bafu, mstari ulioyeyuka juu ya ukuta wa ndani. Piga picha uitunze. Fundi yeyote mwenye akili ataomba kuiona, maana inamwonyesha aanzie wapi.

Naweza kuivunja barafu kwa shoka au nyundo?

Usifanye hivyo. Kwenye baridi vigae vya lami huwa vikavu kama biskuti. Pigo moja linapasua barafu pamoja na kigae, na sasa una tundu la kudumu. Moto wa gesi nao usiuguse kabisa: chini ya vigae ni mbao. Mashine ya maji yenye presha hung'oa vigae. Halafu wewe mwenyewe uko juu ya ngazi iliyosimama kwenye barafu, unapiga kitu kizito kinachoweza kukuangukia. Sijawahi kuona sababu inayotosha kumpandisha mtu pale.

Chumvi je?

Inategemea chumvi gani. Ile ya mawe ya kumwaga kwenye ngazi za mlangoni haifai: ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri nguvu yake inaisha, inakula mabati na misumari, na inaua maua na majani ukutani. Inayotumika ni kalsiamu kloridi, ambayo huyeyusha barafu hata kwenye baridi kali ya nyuzi 25 na zaidi chini ya sifuri. Jaza kwenye soksi ndefu za kike za nailoni, funga mdomo, uilaze ikatize ule ukuta wa barafu kutoka juu kwenda chini, ncha ikining'inia nje ya ukingo. Baada ya saa kadhaa inachimba mfereji mwembamba, maji yaliyojaa nyuma yanapata njia.

Fanya hivyo tu kama unafika upenuni ukiwa umesimama chini kwa kutumia mti mrefu, au kupitia dirisha la juu. Na usitarajie barafu yote kuondoka. Unachotafuta ni mfereji.

Nani wa kuiondoa ikiwa imeshakuwa kubwa?

Mtu mwenye mashine ya mvuke wa presha ndogo. Mvuke hukata barafu vipandevipande bila kugusa kigae. Wanatoza kwa saa, na kwa saa moja ni mamia ya dola, kwa hiyo uliza kabla: ni mvuke kweli, au ni maji ya moto yenye presha kubwa? Wana bima ya ajali kwa wafanyakazi wao? Watakata barafu yote, au watafungua mifereji tu mvujo usimame? Mara nyingi mifereji inatosha na unaokoa nusu ya pesa. Mtu akija na nyundo ya mpira mkononi, mshukuru umrudishe.

Reki ya paa inasaidia?

Sana, ukiitumia mapema. Ni ubao mwepesi kwenye mti wa alumini wa mita tano au sita, unavuta theluji kutoka paani ukiwa umesimama ardhini. Ikishuka theluji ya sentimita 15 au zaidi, toka siku hiyohiyo kabla haijawa nzito. Vuta kuelekea chini tu, usisukume pembeni, na acha safu nyembamba ili usikwaruze vigae. Simama kando, theluji ikishuka isikufukie. Mti huo wa alumini hupitisha umeme: angalia nyaya za umeme zinazoingia nyumbani kabla hujauinua.

Jambo moja watu hawaambiwi: ukisafisha mita moja tu ya chini na huko juu kumejaa, maji yanaweza kuganda pale theluji ilipoishia, ukapata ukuta mpya juu zaidi. Vuta mpaka mkono unapofika.

Tiba yenyewe ni ipi?

Hili natamani lingekuwa swali la kwanza kila mara. Tiba ni kuziba matundu yanayopitisha hewa ya moto kutoka chumbani kwenda darini, kisha kuongeza sufi ya kuzuia joto, kwa mpangilio huohuo. Wengi wanaanza na sufi kwa sababu inauzwa kwenye mifuko na inaonekana. Sufi inapunguza joto linalopita kwenye jipsamu, lakini hewa inayopuliza kupitia tundu inapita katikati yake kama upepo kwenye sweta.

Nieleze kwa nyumba moja. Desemba iliyopita niliingia dari ya nyumba ya familia ya Kirundi. Walikuwa wameshaongeza sufi mpya mwaka uliotangulia na barafu ilikuwa imerudi palepale, juu ya jikoni. Nilitambaa kifudifudi, taa kichwani. Misumari ya paa juu yangu ilikuwa imevaa jalidi jeupe, kila mmoja na kofia yake. Nikafunua sufi ya waridi karibu na bomba la choo linalopanda kwenda paani. Upande wa chini ulikuwa mweusi, kama kichujio cha hewa cha gari kuukuu. Weusi ule si kuvu, ni vumbi: miaka yote hewa ya nyumba imekuwa ikipita pale na sufi ikilichuja. Chini yake kulikuwa na uwazi kuzunguka bomba, ngumi yangu ilipita. Niliweka shavu, hewa ya moto ikanipiga usoni, na nikasikia harufu ya kitunguu alichokuwa akikaanga mama chini jikoni. Nilipomwita na kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikipikia theluji."

Tuliziba bomba hilo, mzunguko wa dohani, taa za kuzama darini na vichwa vya kuta mbili za ndani. Kazi ya siku moja na nusu. Matundu kama hayo ndiyo unayoyatafuta kwako: kuzunguka mabomba na nyaya, boksi la feni ya bafuni, mlango mdogo wa kupandia darini ambao karibu kila nyumba hauna hata mpira wa kuziba, na ile nafasi ya wazi kuzunguka bomba la moshi.

Mianya midogo huzibwa kwa silikoni au povu la kopo. Kuzunguka dohani na bomba la moshi la hita usitumie povu wala sufi, ni hatari ya moto. Hapo huwekwa bati jembamba na silikoni maalum ya moto. Taa za kuzama za zamani nazo usizifukie, zinapata joto kali. Zibadilishe na za aina inayoruhusiwa kufunikwa.

Sufi iwe nene kiasi gani?

Minnesota hulenga kipimo cha R-49 au zaidi; R hupima uwezo wa sufi kuzuia joto. Ni kama sentimita 35 za selulosi, yaani karatasi zilizosagwa, au karibu 50 za nyuzi za kioo zilizopulizwa. Nyumba nyingi za kabla ya 1960 utazikuta na sentimita 10. Pima kwa rula.

Kabla hujagusa chochote, tazama sufi iliyopo. Ukikuta kokoto nyepesi zenye kung'aa, rangi ya kijivu au dhahabu, kama mchanga wenye magamba ya samaki, funga mlango wa dari uteremke. Huenda ni vamikulaiti, madini yaliyotumika zamani kuzuia joto. Nyingi iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, na ilikuwa imechanganyika na asbestosi. Ikichokorwa, nyuzi zake huingia kwenye mapafu na hazitoki. Kuna watu wenye leseni ya kuiondoa. Waache wafanye wao.

Kule pwani tunaacha matundu juu ya ukuta ili joto litoke. Hapa tunaziba?

Swali zuri, na limenipa shida mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii. Nyumba ya Mombasa au Tanga inajengwa ili joto lipande na kuondoka. Hapa unataka vyote viwili kwa wakati mmoja, ila kila kimoja mahali pake. Jipsamu ya dari na kilicho chini yake vizibwe kabisa, joto libaki na watu. Nafasi iliyo juu ya sufi ipitishe hewa ya nje: iingie upenuni, itoke kwenye kofia ya paa, ili mbao za paa zibaki baridi kama nje na theluji isiyeyuke.

Kosa la kawaida ni kusukuma sufi mpaka ukingoni ikaziba matundu ya upenuni. Dawa ni vile vibao vyepesi vinavyopigiliwa kati ya kenchi kabla ya kupuliza sufi, vinaacha njia ya hewa. Lakini matundu ya hewa bila kuziba chini hayasaidii, wakati mwingine yanavuta hewa ya moto kwa kasi zaidi.

Nyumba yangu ina chumba cha kulala ndani ya paa. Inavuja kila mwaka.

Hizo za ghorofa moja na nusu, zilizojengwa kwa wingi Minneapolis na St. Paul kati ya miaka ya 1920 na 1950, ndizo ngumu kuliko zote. Dari ya chumba inafuata mteremko wa paa, na kati ya jipsamu na mbao za paa kuna nafasi ndogo tu. Pembeni kuna vile viambaza vifupi vya kimo cha goti, na nyuma yake joto linatembea chini ya sakafu ya chumba bila kizuizi. Huko ndiko pa kuziba kwanza: chini ya kiambaza, kati ya mbao za sakafu. Mteremko wenyewe hujazwa selulosi iliyokazwa kwa mashine. Kazi hii usiifanye mwenyewe na usimpe mtu ambaye hajawahi kuifanya. Ukimwuliza "utafanyaje chini ya kiambaza?" na akakuangalia tu, tafuta mwingine.

Nyaya za joto za kuzungusha upenuni zinafaa?

Ni bandeji. Zinafungua mifereji kwenye barafu, zinakula umeme msimu mzima, na zinachakaa. Kwenye kona ya paa isiyozibika, sawa. Ziunganishwe kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme maji yakigusa. Usizikubali kama mbadala wa kuziba dari.

Nikiezeka mabati kama nyumbani?

Theluji huteleza kwenye mabati, na barafu hupungua. Lakini joto likivuja bado upenu unaweza kuganda, na theluji ikishuka yote kwa mkupuo inavunja gata, au inamwangukia aliye mlangoni. Ukiezeka upya, kwa vigae au mabati, hakikisha chini umewekwa ule utando wa kunata kuanzia ukingoni hadi angalau sentimita 60 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Utando hauzuii barafu kujengeka. Unazuia maji yaliyorudi nyuma yasifike kwenye mbao. Upige picha kabla haujafunikwa.

Nje hakuna barafu upenuni, lakini siku za joto maji yanadondoka kutoka darini. Ni paa?

Huenda ni mvuke wako. Tunachemsha maharage saa tatu, githeri, makande, nguo zinaanikwa ndani, watu sita wanaoga. Mvuke huo unapanda kwa matundu yaleyale, unaganda kwenye misumari na mbao, halafu siku ya jua unayeyuka wote pamoja. Watu hubadilisha paa zima kwa kosa hili na tatizo linabaki.

Washa feni ya jikoni unapochemsha na ya bafuni mpaka dakika ishirini baada ya kuoga, na hakikisha bomba la feni linatoka nje ya nyumba. Nimeyakuta mengi yanaishia darini. Nunua kipima unyevu. Nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani usizidi asilimia 25 hivi. Madirisha yakitiririka maji asubuhi, umezidisha.

Nikiziba sana, hewa ya sumu haitabaki ndani?

Una haki ya kuhofu. Hita au tanki la maji ya moto linalotoa moshi kwa bomba la zamani la wima linaweza, nyumba ikizibwa, kuanza kuvuta moshi kurudi ndani. Kila kazi ya kuziba inapaswa kumalizika kwa kipimo cha moshi huo, na fundi akisema si lazima, usimlipe salio. Hita mpya nyingi hutoa hewa kwa bomba jeupe la plastiki ubavuni mwa nyumba. Baada ya dhoruba, na baada ya kuvuta theluji kwa reki, nenda uhakikishe halijafukiwa. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya futi 10, kama mita tatu, kutoka kila chumba cha kulala. Kikilia, tokeni wote nje kwanza, kisha piga 911. Usirudi kuchukua koti.

Bima italipa?

Bima nyingi za nyumba hulipa uharibifu wa ghafla wa ndani: dari, kuta, sakafu. Nyingi hazilipi kuondoa barafu wala kuziba dari, na hazilipi kitu kilichooza kwa miaka. Soma mkataba, au mpigie wakala umwulize kwa maneno hayohayo. Ripoti mapema, tunza risiti za mvuke na feni za kukaushia.

Na jihadhari na wanaogonga mlango baada ya dhoruba. Mkandarasi akikuahidi kukulipia ile sehemu ya bima unayotakiwa kutoa mwenyewe, ujue sheria ya Minnesota inakataza ahadi hiyo. Leseni yake iangalie kwa idara ya kazi na viwanda ya jimbo, ni bure.

Mimi ni mpangaji, na mwenye nyumba hajibu simu.

Acha simu, andika. Barua au ujumbe wenye tarehe, picha, na ombi la wazi la kutengeneza. Baki na nakala. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba aitunze nyumba ifae kuishi. Siku 14 zikipita bila kutengeneza, unaweza kwenda mahakama ya wilaya na kuiweka kodi huko badala ya kumpa yeye, mpaka hakimu aamue. Usiache tu kulipa kodi ukidhani uko salama. Hapo ndipo wengi wetu wamefukuzwa. Tovuti ya LawHelpMN ina maelezo na fomu. Kulalamika kwa haki si kosa, na kukufukuza kwa ajili hiyo ni kinyume cha sheria, hata kama mtu amekutisha kwa habari ya karatasi zako.

Sina pesa za kuziba dari.

Usikate tamaa kabla hujaomba. Mpango wa serikali kuu wa kuziba nyumba, ulioanza 1976, hufanya kazi hii bure kwa kaya zenye kipato cha chini, wapangaji wakiwemo ikiwa mwenye nyumba ataridhia. Hapa Minnesota ombi la msaada wa bili za joto hutumika pia kwa mpango huu, kwa hiyo ukijaza moja umejaza mbili. Foleni ni ndefu, jaza mapema. Walio juu ya kiwango hicho na ni wateja wa Xcel Energy au CenterPoint Energy, kampuni za umeme na gesi, waulize kuhusu huduma ya ukaguzi wa nyumba iitwayo Home Energy Squad: wanakuja na feni kubwa ya kuweka mlangoni, wananyonya hewa ya nyumba, na hapo kila tundu linapiga mluzi. Omba mkalimani, usiitikie tu "yes" kwa kitu ambacho hukukielewa.

Nianze lini?

Septemba. Darini wakati wa kiangazi ni tanuri, na Desemba mafundi wote wameshajaa. Leo ikiwa ni Januari na unasoma haya ndoo ikijaa, fanya ya dharura, vuta theluji, na kesho asubuhi vuka barabara upige ile picha ya paa. Nitumie hiyo kwanza.